Kima punju katika mashamba yanayopakana na Jozani: gharama ya kumhifadhi ibebwe na nani?

Mrithi wa Kitogani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba mawazo ya wenye mashamba, na ya wataalamu kama wapo, kuhusu jambo ambalo limetugawa ndani ya familia. Marehemu baba yetu ametuachia shamba kusini mwa Unguja, karibu na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Lina minazi ipatayo 40, miembe mikongwe kadhaa, mikungu miwili (miti ya kungu, si ya ndizi), na konde ya muhogo na kunde upande wa chini. Kima punju, wale kima wekundu wa Zanzibar, wamo humo karibu kila siku. Huingia asubuhi kwa kupitia miembe, wakala majani machanga, kisha baadhi yao huhamia kwenye minazi, wakakaa katikati ya makuti na kuchuma vidaka, yaani nazi changa. Kidaka kimoja huumwa mara moja au mbili kikatupwa, kikachumwa kingine, na ukipita chini ya mnazi baada ya wao kuondoka unavikuta vimetapakaa.

Kaka yangu mkubwa anasema tuikate miembe na mikungu yote ili wanyama hao wakose cha kuwavuta na warudi msituni. Mdogo wangu anaona njia ya busara ni kumkodisha mtu anayetaka kujenga nyumba za wageni, kwa sababu barabara ya kwenda Paje na Jambiani imepandisha thamani ya kila kipande cha ardhi kilicho karibu nayo. Mimi ningependa shamba libaki shamba, lakini sina hoja ya fedha ya kuwapa. Mkwezi hulipwa kwa kila mnazi anaoupanda, awe ameteremsha nazi 15 au tano, na kinachobaki baada ya kumlipa yeye na mbeba mizigo hakitoshi kuwa sababu ya ndugu watatu kuendelea kulishughulikia shamba.

Ninafahamu kwamba mnyama huyu ni wa Zanzibar peke yake, na kwamba akitoweka hapa atakuwa ametoweka duniani. Sitaki kuwa miongoni mwa watu waliosababisha jambo hilo. Lakini kinachoniumiza ni kwamba wageni wengi huwapiga picha kima wakiwa juu ya miti ya mashamba, si ndani ya msitu mnene, na ada yao huwa wameshailipa langoni mwa hifadhi. Je, hasara tunayoipata kwenye minazi ni kubwa kweli kama tunavyoiona kwa macho? Na ikiwa miti yetu ndiyo chakula cha mnyama ambaye dunia nzima inataka ahifadhiwe, kuna utaratibu gani wa haki ambao mwenye miti anaweza kuudai bila kuonekana kuwa ni adui wa hifadhi?

Bwana Shamba Mstaafu

Wa alaykum salaam, ndugu yangu, na poleni kwa msiba. Nianze na swali lako la kwanza, kwa sababu uamuzi wa kukata miti ukishatekelezwa haurudi nyuma.

Malalamiko ya nazi si mapya. Katika miaka ya 1990 watafiti wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, waliyafanyia kazi katika mashamba hayo hayo yanayopakana na Jozani, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1999. Walichokikuta kiliwashangaza wengi, nami nikiwemo: kima walikula vidaka vingi kweli, lakini ulaji huo haukuonekana kupunguza mavuno ya mwisho. Minazi iliyoliwa zaidi ndiyo iliyokuwa na mavuno mazuri zaidi. Maelezo yao ni kwamba mnazi hutoa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvikuza hadi kuwa nazi, na sehemu kubwa hupukutika yenyewe. Kima akichuma mapema, anachukua katika vile ambavyo vingi vingeanguka, na huenda vinavyobaki vikapata nafasi ya kukomaa vizuri. Hilo halimaanishi kwamba hakuna shamba linalopata hasara. Linamaanisha kwamba vidaka vilivyoko ardhini si kipimo cha hasara. Kipimo ni nazi zinazoteremshwa na mkwezi.

Tena si kila kidaka kilichoanguka kimeangushwa na kima. Okota vichache uviangalie kwa makini. Kilichochumwa na kima kina alama ya meno na mara nyingi kimechanika upande mmoja. Ukikuta kidaka kizima kisichoumwa, chenye mabaka meusi yaliyodidimia na utomvu ulioganda kama gundi, hicho kimefyonzwa na mdudu ambaye kwa miaka mingi amekuwa miongoni mwa sababu kubwa za kupukutika kwa vidaka katika visiwa vyetu. Adui yake mkubwa ni chungu wekundu tunaowaita maji moto, wale wanaoshona majani kujenga viota vyao. Mnazi wenye maji moto wengi huponea, na usio nao hupoteza. Wapo pia kima wa kawaida, wasio punju, ambao hula matunda yaliyoiva, mahindi na mazao ya konde. Lawama zao mara nyingi humwangukia punju kwa sababu yeye ndiye anayekaa mahali pa wazi bila kukimbia watu.

Kuhusu kukata miembe na mikungu, ninamsihi kaka yako asubiri. Tumbo la kima punju limeumbwa kwa ajili ya majani na matunda mabichi, na matunda yaliyoiva yenye sukari nyingi hayalifai. Majani ya mwembe na mkungu ndiyo chakula chake kikubwa mashambani. Majani hayo yana kemikali zinazosumbua tumbo, na ndiyo maana utawaona kima hao wakiokota vipande vya mkaa kwenye matanuri ya zamani na majikoni na kuvitafuna, kwani mkaa husaidia kuzinyonya kemikali hizo. Ukiondoa miembe, kundi halitaondoka siku ya pili. Linaifahamu njia yake na halina mahali pengine palipo wazi pa kuhamia, kwa sababu msitu wenyewe una makundi yake. Litakalofanya ni kuegemea zaidi kilichobaki, na kilichobaki kwenu ni minazi.

Ushauri wangu ni huu: msibishane kwa kukisia. Minazi huangushwa takriban kila baada ya miezi mitatu. Ipeni namba, mwandike nazi za kila mnazi katika kila mwangusho, na mbele ya namba hiyo mwandike kama kima huutumia sana, kidogo au hawaupandi kabisa. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na daftari ambalo hakuna mtu, ndani au nje ya familia, atakayeweza kulipuuza.

Bi. wa Ukongoroni

Nimewasoma nyote wawili kwa makini, na namshukuru Bwana Shamba kwa maelezo yake. Naomba niongeze jambo ambalo huachwa kila tunapozungumzia kima na nazi. Huku kwetu ardhi ni mawe, na wengi wetu hatuna minazi ya kuliwa na kima. Riziki yetu ilikuwa katika uwanda wenyewe, yaani vichaka vya ardhi hiyo ya mawe: kuni, mkaa, chokaa, boriti na mikoko ya ghuba. Kima punju naye anaishi humo humo, hata kwenye mikoko, na kumhifadhi yeye kumekuwa na maana ya kuzuia au kupunguza kila kimojawapo cha vitu hivyo.

Sisemi kwamba mipaka iliwekwa bila sababu. Nimeona kwa macho yangu ghuba ilivyokuwa mikoko ilipokatwa ovyo, na mwanamke anayechokoa chaza na kombe anajua kabla ya mtu mwingine yeyote kwamba tope limekufa. Sheria ya Misitu Namba 10 ya 1996 ilitoa nafasi kwa vijiji kuingia mikataba ya kusimamia misitu yao wenyewe, vikapanga maeneo ya kutumia na maeneo ya kuacha, na ninaamini bila mikataba hiyo leo tungekuwa na vichaka vitupu. Lakini tuseme ukweli kuhusu nani aliyelipa. Anayetembea mbali zaidi kutafuta kuni ni mwanamke. Anayekamatwa na mzigo wa fito ni kijana asiye na shamba. Mwenye minazi anaweza angalau kuonyesha kidaka kilichoumwa, akasikilizwa na akaingizwa katika orodha ya wanaostahili kufidiwa. Mimi nitaonyesha nini? Kuni ambazo sikuzikata haziwezi kuwekwa mezani zikahesabiwa.

Tuliambiwa tupande mwani, nasi tulipanda. Huko pwani ya mashariki ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980 na umewasomesha watoto wengi. Lakini aina yenye bei nzuri haivumilii maji yakipata joto, na iliyobaki bei yake ni ya chini mno ukilinganisha na kazi ya kuinama majini saa nyingi. Hata vigingi vya kufungia kamba za mwani vinatoka wapi? Vinatoka kichakani. Na mwanamke anayefukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, akayafukua baada ya miezi kadhaa na kuyaponda kwa mchi apate nyuzi za kusokota kamba, bado anahitaji kuni za kupikia jioni. Shughuli mbadala ni neno jema, lakini kila moja imebeba mahitaji yake kutoka msitu ule ule.

Fedha za wageni zimejenga mambo yanayoonekana katika vijiji vilivyo karibu na lango, skuli na huduma za maji na afya, na hilo silikatai. Ila manufaa hayo ni ya kila mtu, aliyepoteza na asiyepoteza, wakati hasara inabebwa na baadhi ya nyumba. Kama ingekuwa juu yangu, sehemu ya ada ya langoni ingetengwa kila mwaka kwa jambo moja tu: nishati ya kupikia kwa nyumba zilizo ndani ya vijiji vyenye mikataba. Iwe ni mitungi ya gesi kwa bei ya kusaidiwa, au mashamba ya mivinje yaliyopandwa karibu na makaazi na kupewa wanawake kwa majina yao. Nyumba yenye nishati haihitaji kuingia msituni usiku. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kitogani, dai haki yako, lakini unapoliandika dai hilo usiliandike kana kwamba wenye minazi ndio pekee waliotoa.

Mkaazi wa Pete

Shikamooni wakubwa, na wadogo nawasalimia. Bi. wa Ukongoroni amesema kweli, na mimi ninayeishi upande uliofaidika zaidi sina budi kumuunga mkono. Kijiji chetu cha Pete kilipata njia ya mbao ndani ya mikoko, ambayo wageni huipita, na kwa sababu hiyo mkoko uliosimama una thamani kwetu. Vijiji vilivyo upande wa pili wa ghuba vinalinda mikoko ile ile bila mgeni hata mmoja kufika.

Nataka nimjibu Bwana Shamba kwa heshima. Utafiti wa 1999 ninauheshimu, lakini matokeo ya mashamba mengi yakijumlishwa huficha shamba la mtu mmoja. Kima hawagawanyiki sawasawa. Makundi yaliyozoea watu yamejaa katika mashamba machache yaliyo jirani na barabara na lango, na msongamano wao humo ni mkubwa kuliko ndani ya msitu wenyewe. Mwenye shamba la aina hiyo hawezi kulinganishwa na aliye mbali kidogo ambaye huwaona mara moja moja. Kwa sababu hiyo napenda wazo la daftari, lakini nasema lifanywe na majirani wote kwa pamoja, si na familia moja, na sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini, alijue tangu mwanzo.

Kisha kuna hesabu ya kima wenyewe. Sensa iliyochapishwa mwaka 2019 ilikadiria kwamba wapo zaidi ya 5,800, zaidi ya mara tatu ya makadirio ya awali. Baadhi ya watu waliposikia walisema, basi hayuko hatarini tena, tuachieni ardhi yetu. Hilo ni kosa kubwa. Mnyama huyo bado amo katika orodha ya walio hatarini kutoweka, na sababu yake ni rahisi kuelewa kwa anayeishi hapa: kisiwa hakiongezeki, watu na nyumba vinaongezeka, na idadi isiyo ndogo ya kima hao iko nje ya maeneo yanayolindwa, kwenye vichaka vya vijiji na mashamba kama la ndugu yetu. Hifadhi ilipotangazwa kuwa ya taifa mwaka 2004 ilikuwa na kilomita za mraba 50, na mwaka 2016 eneo hilo likatambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya mazingira hai (biosphere reserve). Heshima hizo ni kubwa, lakini hazimlindi kima aliye juu ya mwembe wa mtu binafsi. Anayemlinda huyo ni mwenye mwembe, kwa kuamua tu kutoukata.

Hapo ndipo ninapotofautiana na utaratibu wa kufidia hasara. Tangu miaka ya 1990, mradi wa hifadhi ulipoanza, sehemu ya mapato ya wageni imekuwa ikirudi kwa wakulima na vijiji, na ninaamini hilo liliokoa maisha ya kima wengi waliokuwa wakiwindwa kwa mawe na mbwa. Lakini fidia ya hasara inamfanya mkulima atake kuonyesha hasara. Kila mwaka anayelalamika zaidi ndiye anayesikilizwa zaidi, na aliyeotesha miembe mipya kwa hiari yake hapati chochote cha ziada. Ningependa malipo yafuate miti iliyosimama: mwembe, mkungu na mzambarau unaotumiwa na kima uandikwe, ukaguliwe mara moja kwa mwaka, na mwenye mti alipwe kwa sababu mti upo. Kwetu Zanzibar si jambo geni mti kuwa na mwenyewe mbali na ardhi; ardhi ni mali ya umma, lakini mwembe na mnazi una mtu anayejulikana, na mirathi hugawanywa kwa kuhesabu miti. Malipo ya aina hiyo yangeeleweka na kila mzee wa kijiji bila semina. Na katika maeneo ya mawe, ambako mtu mmoja mmoja hana miti, malipo hayo hayo yaende kwa msitu wa kijiji na yatumike kwa nishati kama alivyosema Bi.

Kuhusu nyumba za wageni, mwambie mdogo wako alifikirie jambo moja la biashara. Wageni watakaolala hapo watakuja kwa ajili ya nini? Kabla ya matuta kuwekwa katika barabara ya Jozani, miaka ya 1990, magari yaliua kima mara kwa mara, na vifo vilipungua sana baada ya matuta kujengwa. Ukikata miti kando ya barabara ili kujenga, unawalazimisha washuke chini kuvuka lami, kwa sababu hawana tena tawi la kupitia. Ongeza nyaya za umeme na mbwa wa walinzi, na baada ya miaka michache nyumba zitakuwepo lakini kima watakuwa wamepungua au wamekwisha katika eneo hilo. Akitaka kupata fedha kwa wageni, na atafute namna ya kuwapitisha shambani kwa utaratibu, kwa makubaliano na watembezaji, auze madafu chini ya miembe hiyo hiyo. Dafu moja linaloteremshwa kwa ajili ya mgeni huingiza zaidi ya nazi kavu inayopelekwa sokoni Mwanakwerekwe.

Mrithi wa Kitogani

Nawashukuru sana. Nimewasomea ndugu zangu maelezo yote, na kaka amekubali miembe na mikungu isiguswe mpaka tuwe na hesabu ya mwaka mzima. Mdogo wangu hajaliacha wazo lake, ila hoja ya wageni na madafu imemgusa. Leo asubuhi tuliokota vidaka chini ya minazi ya upande wa juu na kuvitenganisha kama alivyoelekeza Bwana Shamba, na vyenye mabaka meusi na utomvu vilikuwa vingi kuliko tulivyotarajia, hasa chini ya minazi iliyo mbali na miembe. Maji moto wako kwenye miembe tu. Je, inawezekana kuwafikisha kwenye minazi hiyo?

Kuhusu orodha ya miti, nitazungumza na majirani baada ya sala ya Ijumaa, kisha twende kwa sheha pamoja. Bi. wa Ukongoroni, ninaomba uniruhusu nichukue maneno yako kuhusu kuni niyatie katika barua yetu.

Bi. wa Ukongoroni

Yachukue, mwanangu, na ututumie barua kabla ya kuipeleka. Wapo wanawake wa Charawe na Muungoni ambao wangependa kutia saini zao pia, na ikitoka upande wa minazi na upande wa kuni kwa pamoja itakuwa vigumu kuiweka kando.

Bwana Shamba Mstaafu

Inawezekana. Maji moto hupenda njia za juu na hawapendi kushuka chini, hasa mahali penye wale chungu wadogo wa ardhini ambao huwashambulia. Funga kamba ya makumbi au ufito mrefu kutoka tawi la mwembe hadi kwenye makuti ya mnazi ulio karibu, kisha kutoka mnazi huo hadi unaofuata. Kwa minazi iliyo mbali, kata tawi lenye kiota asubuhi na mapema wakiwa wametulia, litie ndani ya gunia, ulifunge juu ya mnazi. Usichanganye viota vya miti iliyo mbalimbali katika mnazi mmoja, kwa sababu watapigana. Na katika daftari lenu ongezeni safu moja ya kuonyesha minazi yenye maji moto na isiyo nao, ili mwishoni mwa mwaka mjue ni hasara kiasi gani iliyokuwa ya mdudu na kiasi gani iliyokuwa ya kima.